Joto la Saa Nane Lililoandikwa Saa Sita

Kazi yangu ni jezi. Miaka kumi na tisa nimezifua, nimezipiga pasi na kuzipanga jezi za timu ya taifa ya wanawake, na wachezaji wote, hata wale warefu ambao lazima niinue shingo nikiongea nao, huniita Shangazi. Sijasomea udaktari wala hali ya hewa. Lakini macho ninayo, na kwenye mashindano yale niliona mambo ambayo nikiyakumbuka mpaka leo damu inanichemka. Kwa hiyo mnivumilie nikipandisha sauti.

Mechi yetu ya pili ilipangwa kwenye uwanja wa akiba. Uwanja mkubwa ulikuwa na majani ya kweli na paa linalotupa kivuli. Huu wa akiba ulikuwa na nyasi bandia, zile za plastiki zenye chembe nyeusi za mpira zinazoingia kwenye viatu, kwenye soksi na, ulizeni mimi, kwenye mashine za kufulia. Muda wa mechi, saa nane mchana. Katika mwezi ule, saa nane mchana hata mbwa wa mtaani alikuwa anatafuta uvungu wa gari. Tulipouliza kwa nini saa nane, tukajibiwa kwamba huo ndio muda unaowafaa watazamaji wa runinga wa mbali. Wao wangekuwa kwenye makochi yao, wanamalizia chai ya asubuhi.

Nilifika uwanjani mapema na masanduku yangu. Plasta ya kufungia soksi ikaniponyoka, nikapiga goti niiokote, nikaruka kama mtu aliyekalia kaa la moto. Goti lilibaki na alama nyekundu kwa siku tatu. Na mimi nilikuwa nimegusa tu. Wasichana wangu walikuwa wanakwenda kukimbia juu ya kitu kile dakika tisini.

Daktari wetu alikuwa tayari katikati ya uwanja na kipimo chake. Ni kijana mwembamba, anaongea polepole mpaka unatamani kumsukuma, lakini kazi yake anaijua. Kipimo chenyewe kina miguu mitatu na mpira mdogo mweusi juu yake, na hesabu yake inachanganya jua, unyevu na upepo kwa pamoja.

"Shangazi, hiki hakisemi hewa ina joto kiasi gani," aliniambia. "Kinasema mwili unateseka kiasi gani."

"Na leo kinasemaje?"

"Thelathini na tatu. Na sasa ni saa sita tu."

Kanuni za mashindano zilikuwa wazi, tena kila timu ilikuwa imepewa kijitabu chake. Namba ya kipimo kile ikifika thelathini na mbili, mwamuzi lazima asimamishe mchezo mara moja katika kila kipindi, baada ya nusu saa ya mchezo, kwa dakika tatu, wachezaji wanywe na kujipoza kwa mataulo ya barafu. Basi Daktari akaniomba nijaze maji na barafu kwenye beseni langu kubwa la bluu, lile la kulowekea jezi, ambalo mtu mzima anaweza kuketi ndani na miguu akainyoosha. Nikamwuliza anataka kuogesha nani. Hakucheka.

Saa sita na dakika ishirini nilipeleka jezi kwenye chumba cha waamuzi. Kila mechi tunafanya hivyo: watunza jezi wa timu zote mbili wanatandaza rangi zao mezani, mwamuzi na kamishna wa mechi wanaziangalia zisije zikafanana. Mwamuzi siku hiyo alikuwa dada mmoja mkakamavu, mwenye nywele alizozibana kwa nyuma. Kamishna alikuwa bwana wa makamo, suti imemkaa, sauti laini kama ya mtu anayeuza vitambaa. Chumba kilikuwa baridi mpaka nikajikunyata. Na juu ya rafu, karibu na maua ya plastiki, mbele kabisa ya kiyoyozi, kilikuwepo kipimo kama cha Daktari. Mpira mweusi, miguu mitatu, kimejikalia kinapigwa na upepo mwanana.

Nilipokuwa nakusanya soksi zangu mezani, nikaona fomu iliyokuwa chini ya soksi hizo. Sikupekua. Soksi zangu ndizo zilizokuwa juu yake. Imeandikwa kwa kalamu ya wino: "Joto la uwanjani, saa saba na dakika arobaini na tano mchana: 28.6. Mapumziko ya kupoza mwili: hayahitajiki." Chini, sahihi ya Kamishna. Nikatazama saa ya ukutani. Nikatazama fomu. Nikatazama tena saa.

"Samahani, bwana Kamishna," nikasema, "hii saa saba na dakika arobaini na tano ni ya leo?"

Akaichukua fomu, akaigeuza uso chini. "Mama, jezi zenu ni safi. Asante sana."

"Sijauliza jezi."

"Nawe hukuitiwa mengine."

Nilimwambia Daktari, naye akaenda. Alirudi baada ya dakika kumi, midomo ameibana. Kamishna alikuwa amemwambia kwamba kipimo rasmi ni kimoja, nacho ni cha kamati, na vya timu havitambuliki. Daktari akamwomba basi wakitoe hicho rasmi nje, wakiweke juani kwa robo saa, washuhudie wote. Jibu lilikuwa kwamba mitambo ya kamati haihamishwi ovyo. Kuhusu fomu iliyojazwa saa moja na nusu kabla ya wakati wake, alisema ni "makadirio".

Makadirio! Mtu anakadiria joto la nje akiwa ndani ya jokofu!

Sasa niwaambie habari za Injini, maana yeye ndiye aliyelipia makadirio hayo. Injini ni kiungo wetu. Jina hilo alipewa kwa sababu hachoki. Mpira ukipotea mbele, yeye yuko mbele. Ukirudi nyuma, ameshafika. Ana miaka ishirini na mitatu, mtoto wa mshona nguo, na labda ndiyo maana anaheshimu nguo. Wachezaji wengine wakivua jezi wanazitupa sakafuni zikiwa zimejiviringa ndani nje, lakini Injini huigeuza, huikunja mara mbili, na hunikabidhi mkononi. "Pole na kazi, Shangazi." Kila mechi hivyo hivyo, tushinde tufungwe.

Mpira ukaanza saa nane. Kutoka benchi niliona uwanja unacheza kama tunautazama kupitia mvuke wa sufuria. Dakika ya ishirini beki wa wapinzani alisimama akashika magoti. Kipa wetu alikuwa anarukaruka golini, mara mguu huu, mara ule, si kwa mbwembwe bali kwa sababu nyayo zilikuwa zinamuungua. Dakika ya thelathini ilifika, ikapita, hakuna filimbi. Daktari aliinua kipimo chake juu kumwonyesha mwamuzi wa akiba: thelathini na tatu nukta nane. Yule akatazama kwenye viti vya wageni, Kamishna akatikisa kichwa chini ya feni, mchezo ukaendelea. Jukwaani nao watu walikuwa wamejifunika magazeti vichwani. Tulikuwa sare ya bao moja kwa moja.

Wakati wa mapumziko nilikuwa nimepanga jezi kavu kwenye viti, kila mtu na yake. Wasichana waliingia macho mekundu. Daktari alikuwa kwa kipa, anamlowesha miguu. Injini akachukua jezi kavu akaivaa juu ya ile iliyolowa.

Nikacheka. Na hapa ndipo ninapojilaumu, na sitajificha. Nilicheka, nikasema, "Mwanangu, leo unavaa mbili?" Akanitazama muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi. Kisha akasema, "Shangazi, basi limeshafika?"

Nilidhani ananitania. Watu waliochoka hutania. Nikamvua zote mbili, nikamvalisha kavu. Mikono yake ilikuwa na vipele vya baridi. Ya chini, ile iliyolowa, ilibaki mkononi mwake, naye akaiacha idondoke sakafuni na kuikanyaga akitoka. Nilibaki nimeinama naitazama jezi ile. Huyu mtoto hajawahi kutupa jezi chini tangu nimjue.

Nilikimbia. Timu ilikuwa imeshaingia uwanjani, filimbi imeshalia. Nikamshika Daktari mkono, nikamwambia yote kwa pumzi moja. Hakuniuliza swali. Alimwendea Kocha mbio.

"Mtoe Injini. Sasa hivi."

"Nani? Mbona anakimbia vizuri?" Kocha akasema.

"Amechanganyikiwa akili. Mwili umezidiwa na joto. Mtoe, nakuambia."

Kocha si mtu mbaya. Alimtazama Daktari usoni, akageuka akamwita mchezaji wa akiba avue fulana ya mazoezi. Lakini kubadilisha mchezaji kunasubiri mpira usimame, na mpira ule ulikataa kusimama. Daktari akapiga kelele kwenye mstari, mwamuzi alikuwa upande wa pili. Dakika ya hamsini na tatu Injini alipata mpira, akageuka, akaanza kukimbia nao kuelekea goli letu wenyewe. Nahodha akamwita kwa jina. Akaendelea hatua nne, tano, akayumba kama aliyelewa, akaenda chini uso mbele juu ya zile nyasi za moto. Hakuweka hata mikono.

Daktari hakusubiri ishara ya mwamuzi. Alivuka mstari, na mimi nyuma yake na umri wangu huu, ndara moja imebaki njiani. Tulimbeba pamoja na wachezaji wanne, wawili wetu na wawili wa wapinzani, tukampeleka moja kwa moja kwenye beseni, pembeni ya benchi letu. Tukamzungushia mataulo, Daktari akapima joto la ndani ya mwili kwa namna ambayo heshima ya binti inanizuia kuieleza. Arobaini na moja nukta nane.

"Ndani," akasema.

Tukamzamisha mpaka shingoni. Daktari alimshika kichwa kisizame, mimi nikawa nakoroga maji kwa mkono ili barafu isikae upande mmoja. Injini alikuwa anaguna na kurusha miguu, hatujui wala hajijui. Barafu ikaanza kwisha. Mtunza jezi wa wapinzani, mzee mmoja ambaye hatukuwa hata na lugha ya kuelewana, alikuja anaburuta sanduku lao la barafu, akalimimina lote.

Hapo ndipo Kamishna alipowasili, na watu wa gari la wagonjwa nyuma yake.

"Mtoeni humo, apelekwe hospitali."

"Hospitali iko umbali gani?" Daktari akauliza bila kuinua macho.

"Dakika thelathini," dereva akasema. "Na foleni, arobaini."

"Dakika arobaini kwa joto hili, ubongo na figo zinaungua njiani. Tunampoza kwanza, halafu tunamsafirisha. Kwenye kijitabu chenu wenyewe imeandikwa hivyo, ukurasa wa kumi na moja."

"Daktari, kamera ziko hapa! Dunia nzima inamtazama binti wa watu kwenye beseni la kufulia! Hii ni aibu."

Nilinyanyuka. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi mpaka viwikoni. Nikasimama kati yake na beseni, nikamwambia, "Aibu unayo wewe. Ukiligusa beseni langu utaingia humo na suti yako."

Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Mlinzi mmoja alisogea, kisha akaona wachezaji wa timu zote mbili wamelizunguka beseni, wameshikana mabega, wamewapa kamera migongo. Akarudi alikotoka.

Wakati huo manahodha wote wawili walikuwa kwa mwamuzi. Walimwambia kwamba bila mapumziko ya kupoza mwili hakuna anayerudi kucheza. Yule dada uso ulikuwa umemvimba kwa joto, naye alikuwa binadamu, alikimbia dakika zile zile. Akaja akakichukua kipimo cha Daktari, akakisimamisha yeye mwenyewe katikati ya uwanja, akangoja. Thelathini na nne nukta moja. Aliandika namba hiyo nyuma ya kadi yake. Kisha akamwambia Kamishna, mbele yetu, "Ripoti yangu nitaiandika mimi."

Baada ya dakika kumi na nane joto la Injini lilikuwa limeshuka hadi thelathini na nane nukta tisa. Alifumbua macho akasema, "Baridi." Sijawahi kusikia neno tamu kama lile. Ndipo Daktari akaruhusu gari liondoke, akapanda naye. Mechi ikamalizwa na mapumziko yake, sare ile ile, na nadhani hakuna aliyejali.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, redio inaongea, nikamsikia Kamishna anasoma taarifa ya kamati. Mchezaji alipata kizunguzungu "kutokana na kutokunywa maji ya kutosha na uchovu wa kawaida," hali ya hewa ilikuwa "ndani ya viwango," na daktari wa timu atahojiwa kwa kuingia uwanjani bila ruhusa na kuchelewesha mgonjwa kufika hospitali. Nilizima mashine ili nisikie vizuri. Kuchelewesha! Yaani aliyemwokoa ndiye mshitakiwa, na aliyejaza fomu kwa kubuni ndiye msomaji wa mashitaka!

Mama yake Injini alifika mchana huo huo. Alitoka uwanja wa ndege moja kwa moja mpaka hospitali, begi dogo begani, na futi ya kushonea bado inaning'inia shingoni, amesahau kuivua. Injini alikuwa amelala, mpira wa dripu mkononi. Madaktari walikuwa wamesema figo zimetikisika lakini zitarudi. Mama alimtazama mwanawe, akamvuta shuka vizuri, kisha akanigeukia.

"Dada, nimesikia redio. Wanasema mwanangu hakunywa maji. Ni kweli?"

Nikamwambia yote. Kipimo cha kwenye rafu, fomu, jezi mbili. Nikamwambia na kicheko changu pia. Nilidhani atanifukuza. Aliivua ile futi shingoni, akaikunja.

"Ulicheka kwa sababu hukujua," alisema. "Yule aliandika akijua. Sasa hayo yote yaandike, utie sahihi."

Kikao kilifanyika siku ya pili kwenye ofisi za kamati. Chumba kilikuwa na meza ndefu na viyoyozi viwili, watu wamevaa makoti, mmoja kajitanda skafu. Walikuwa wanajadili joto. Nilitamani kulia na kucheka kwa wakati mmoja. Mama yake Injini hakualikwa, aliingia tu na kukaa, akamwambia bawabu kwamba yeye ndiye mwenye mtoto.

Nilisoma maelezo yangu. Kamishna akatabasamu.

"Mama, kwa heshima zote, wewe ni mfuaji. Unajua nini kuhusu vipimo vya joto?"

"Sijui kitu," nikasema. "Ila saa naijua. Saa sita na dakika ishirini, mtu hawezi kujua kipimo kitasoma ngapi saa saba na dakika arobaini na tano. Labda awe anaandika anachokitaka."

"Ni neno lako dhidi ya langu."

"Na langu," akasema yule dada mwamuzi kutoka upande wa pili wa meza. "Nami nilikuwemo chumbani. Niliiona fomu, nikanyamaza. Sitanyamaza tena." Akaweka kadi yake mezani, ile yenye namba nyuma.

Mwenyekiti alisema kamati itaondoka kidogo. Waliporudi, shitaka la Daktari lilikuwa limefutwa. Vipimo vyote vingewekwa uwanjani, juani, mbele ya madaktari wa timu zote mbili. Mechi zilizobaki kwenye uwanja ule zilisogezwa hadi saa kumi na mbili jioni. Kumbe watazamaji wa mbali wangeweza kuangalia wakati huo pia! Kumbe kilichohitajika ni binti kuanguka uso mbele kwanza.

Kamishna hakufukuzwa. Alihamishiwa kitengo cha tiketi "kwa maslahi ya mashindano". Taarifa ya redio haikusahihishwa kamwe. Tulipouliza, tulijibiwa kwamba imeshapitwa na wakati. Hakuna aliyemwendea yule mama kumwambia samahani. Hata mmoja. Alikaa pale kwenye kiti cha pembeni mpaka kikao kikaisha, na wale mabwana wakampita wakikusanya makoti yao.

Tulitolewa robo fainali, kwa penalti, jioni yenye upepo. Injini hakugusa mpira kwa miezi mitano. Siku aliyorudi kambini alikimbia mizunguko miwili tu, na mimi nilikaa pembeni na ndoo ya barafu tangu mwanzo hadi mwisho, nikamkera mpaka akaniambia, "Shangazi, nenda kafue."

Daktari hakuwepo. Chama chetu wenyewe hakikumwongezea mkataba. Eti aliharibu uhusiano wetu na waandaaji. Niliposikia hivyo niliketi juu ya sanduku la jezi. Kisha nikatafuta karatasi. Barua ya kuomba arudishwe tumeipeleka kwa chama wiki iliyopita, ina sahihi ishirini na sita, Kocha naye ametia, na ya kwanza kabisa juu ni ya Injini. Bado hawajajibu. Tumewaambia tutakuja kuulizia Jumatatu, sote, na tukifika tutangoja nje, hapo hapo kwenye jua la mlangoni, ili tukiingia tuwe na kitu cha kuwaeleza kuhusu joto.